Hilux ya zamani inamisi? Tafuta kwanza silinda iliyolala, spea utanunua baadae

Zile Hilux za petroli za zamani, zenye injini ya 22R ya kabureta, bado zipo nyingi tu mtaani, zinabeba mkaa, maziwa, mabati, ndizi, mbuzi, na nyingi zina tatizo lile lile la kumisi, yaani silinda moja au zaidi haiwaki sawasawa. Asubuhi ukiwasha inatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni huoni kitu, ukikanyaga mafuta inakohoa, mlimani haina nguvu, petroli inakwenda tu. Unaipeleka gereji, fundi anasikiliza kidogo anasema plagi. Unanunua plagi, bado. Basi ni waya. Bado. Haya sasa ni kabureta, kuna moja used nimeiona mahali, nipe hela nikaichukue. Hela imeisha, gari inamisi vile vile, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza ni silinda ipi haifanyi kazi.

Mimi naona hilo ndo swali la kwanza na jibu lake halina gharama, unahitaji maji kidogo, spana ya plagi, koleo lenye mpira kwenye mikono na muda. 22R ni injini rahisi sana, silinda nne, 2366 cc, hedi ya aluminiamu, kamshafti moja juu, cheni ya taimingi, haina kompyuta ya kuisumbua akili yako kama ni ya kabureta. Toyota waliitengeneza kuanzia 1981 mpaka miaka ya tisini katikati kwa hiyo hata iliyo changa kabisa sasa hivi ni mtu mzima. Silinda namba moja ni ile ya mbele karibu na rejeta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Haya mawili yashike kichwani.

Kabla ya yote hakikisha kweli inamisi. Maunti za injini, ile mipira inayoishikilia, zikikatika gari inatetemeka vibaya sana ikiwa sailensi, yaani imewashwa na hujakanyaga mafuta, mpaka utadhani silinda moja imekufa. Nenda nyuma ukaweke kiganja karibu na mdomo wa ekzozi usiuguse. Pumzi ikitoka kwa mpigo sawa sawa bila kuruka, injini iko sawa, angalia maunti. Ikitoka pu pu pu halafu inaruka moja, na kila baada ya muda ule ule inaruka tena, kuna silinda moja imelala. Ikiwa inaruka ovyo, mara hivi mara vile, hapo tatizo linazigusa silinda zote, mafuta au hewa au moto, yaani cheche za umeme, kutoka kwenye koili. Hiyo tofauti ndo itakuongoza kazi yote iliyobaki kwa hiyo usiharakishe hapo, kaa dakika kadhaa usikilize.

Kuitafuta silinda

Njia ya maji kwanza. Gari ilale usiku mzima ipoe kabisa. Asubuhi fungua boneti, kama kuna bati la kuzuia joto juu ya manifoldi ya ekzozi lifungue, washa injini iache sailensi kama dakika moja tu, halafu chovya vidole kwenye maji na udondoshee tone tone kwenye kila bomba la manifoldi pale linapotokea kwenye hedi. Kwenye silinda zinazowaka maji yatachemka na kukauka hapo hapo. Ile iliyolala maji yatakaa yanakutazama. Matone tu lakini, usimwage kikombe, na usifanye hivi gari ikiwa imetoka safari, chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka halafu utanilaumu mimi.

Njia ya pili ni kuchomoa waya za plagi moja moja. Mafundi wengi wanachomoa injini ikiwa inanguruma na kuacha waya unaning'inia unapiga cheche hewani, usiige. Kwanza ule moto unakurusha, pili hizi zenye ignaita ya elektroniki (kile kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili) hazipendi waya ubaki wazi, umeme ukikosa pa kwenda unatafuta njia ndani ya koili au ignaita na spea hiyo sio ya bei ya plagi. Zima gari, chomoa waya wa silinda moja, uweke plagi nyingine ya zamani kwenye ncha yake, chuma cha plagi kiguse injini vizuri ukifunge na kawaya, washa, sikiliza. Sauti ikizidi kuwa mbaya na mzunguko ukashuka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika chochote, umempata mhalifu. Rudia kwa zote nne hata kama umempata kwenye ya kwanza, maana wakati mwingine zimelala mbili, na zikiwa mbili jirani hiyo ina maana yake nitaieleza.

Ikiwa ni silinda moja

Sasa hapa ndo watu wanakimbilia dukani. Usiende. Chukua plagi ya silinda iliyolala uihamishie kwa jirani, ya jirani ilete huku. Washa upime tena. Tatizo likihama na plagi, basi ni plagi, umemaliza, nenda kanunue. Likibaki pale pale, hamisha waya, zile mbili zenye urefu unaokaribiana. Likihama na waya, ni waya. Kama una malta mita pima waya mzima kuanzia ncha mpaka ncha, usizidi kilo-omu 25, ukizidi hapo au ukionesha hakuna njia kabisa tupa. Likibaki bado fungua kava la distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi, uangalie ndani kwa tochi, utafute mstari mwembamba mweusi kama unywele unaotoka kwenye kichwa kimoja cha shaba kwenda kingine au kwenda kwenye bodi, huo ni ufa na umeme unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Angalia na vile vichwa vyenyewe, vikiwa na unga mweupe au wa kijani kwangua kwa kisu. Pia kile kikaa cha katikati kiwepo na kirudi kwa springi ukikibonyeza.

Kuna jaribio la usiku ambalo nalipenda sana kwa sababu linaonesha lenyewe bila ubishi. Paki gari gizani kabisa, washa, fungua boneti, puliza maji kwa ile chupa ya kinyozi juu ya waya za plagi na kava la distribyuta, mvuke mwembamba tu. Waya zikiwa zimechoka utaona vimoto vya bluu vinarukaruka kama vimulimuli. Ukiona hivyo huhitaji malta mita wala fundi. Na ndo maana gari nyingi zinamisi msimu wa mvua halafu kiangazi zinajipona zenyewe, mwenye gari anasema imepona, haijapona, imekauka.

Plagi yenyewe ukiitoa isome kabla hujaifuta, ukishaifuta umefuta ushahidi. Ikiwa ya kahawia hafifu au kijivu, silinda iko salama. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu, mafuta yanazidi au moto hautoshi. Nyeusi inayong'aa, mbichi, inateleza, hiyo ni oili inapanda, ringi au sili za valvu. Imelowa petroli na inanuka, petroli inafika lakini moto haufiki. Nyeupe yenye vipele vipele, inaungua, mafuta hayatoshi au hewa inaingia pasipotakiwa au taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, imepelekwa mbele mno. Na kama tatu zina rangi halafu moja iko safi kama imeoshwa na sabuni, ogopa hiyo, mara nyingi ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda yanaisafisha kwa mvuke.

Kuhusu kununua, 22R inatumia NGK BPR5EY au Denso W16EXR-U, uwazi wa milimita 0.8, pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, usikadirie kwa jicho. Feki ni nyingi, boksi zuri kabisa, maandishi yamenyooka, ndani plagi ambayo haimalizi wiki. Angalia nyuzi zimekatwa vizuri, ncha ya katikati iko katikati kweli, nne zote zifanane. Ukikuta bei ni nusu ya duka la pili jua kwanini. Na wakati wa kufunga, injini iwe ya baridi, anza kwa vidole mpaka ikae yenyewe ndo umalizie na spana taratibu, hedi ni ya aluminiamu, ukilazimisha unakula nyuzi na hapo umejiongezea kazi ya siku nzima.

Umehamisha plagi, umehamisha waya, kava ni zima, moto unafika na silinda bado imelala? Basi sio moto. Ruka moja kwa moja kwenye kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, huko chini.

Ikiwa inamisi ovyo, silinda zote

Hapa kuna mengi lakini mimi naanza na hewa kwa sababu ni bure na kwa gari zenye umri huu mipira yote imekauka. Injini ya kabureta inavuta hewa kupitia kabureta, tundu lingine lolote baada ya kabureta linachafua hesabu, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, sailensi inapanda na kushuka, inazimika kwenye taa za barabarani, ila ukiwa na spidi inakuwa nafuu. Huo ndo mwenendo wa hewa inayovuja, mbaya chini, nafuu juu. Fuata kila mpira mwembamba kwa mkono, ukunje kidogo, ukipasuka mkononi mshukuru Mungu umeupata. Mpira mnene wa kwenda kwenye busta ya breki ubane na koleo, sailensi ikitulia tatizo ni busta au mpira wake, na hapo usiishie kwenye injini, breki zako ziko hatarini. Valvu ya PCV, ile inayorudisha hewa chafu ya ndani ya injini ikaungue, iko kwenye kava la tapeti (kava la juu ya hedi), itoe uitikise, inatakiwa ilie. Halafu ile gasketi nene chini ya kabureta inayozuia joto, hizo zinapasuka sana, na nati za kabureta na manifoldi zinalegea kwa mtetemo wa barabara zetu.

Kupata uvujaji puliza maji kwa ile ile chupa, sehemu moja moja, kuzunguka chini ya kabureta na kwenye maungio ya manifoldi ya kuvuta. Sauti ikibadilika ghafla, hapo hapo. Wapo wanaotumia kemikali ya kusafishia kabureta au hata petroli kwenye chupa, inafanya kazi ndio, na pia inaunguza gari na nyusi, ekzozi ya moto iko karibu. Maji yanatosha.

Halafu mafuta. Tanzania tulikuwa na zama za kuchakachua waziwazi, mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli basi watu wakachanganya, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010. Siku hizi kwa hizi gari za kazi hatari kubwa ni maji, kutu na madumu, hasa ukinunua petroli ya chupa kijijini. Toa petroli kidogo kwenye mpira unaoingia kwenye kabureta, injini imezimwa na imepoa, iweke kwenye chupa nyeupe ya kioo uiache itulie. Maji yatashuka chini utaona mstari kabisa. Uchafu mwekundu ni kutu ya tenki. Filta ikiwa imejaa kutu kubadilisha filta tu ni kuahirisha, tenki lishushwe lioshwe.

Pampu ya mafuta ya 22R ya kabureta ni ya kimakanika, imefungwa kwenye hedi inasukumwa na kamshafti. Ikichoka gari sailensi iko safi lakini mlimani inakohoa na kukata kama imeishiwa. Kabureta ya Aisan ina kidirisha cha kioo kwenye floti chemba, kile kibakuli cha mafuta, watu wengi hawakijui kwa sababu kimefunikwa na uchafu. Kifute. Gari ikiwa tambarare na inanguruma, mafuta yaonekane katikati ya kidirisha. Yakiwa juu kabisa nido ya floti, kile kisindano kinachofunga mafuta, haizibi au floti imetoboka, na plagi zako zitakuwa nyeusi zote nne. Yakiwa chini, pampu, filta, au nido imeganda. Kile kidirisha kitakuokolea hela ya kufungua kabureta bila sababu.

Kitu kingine kwenye kabureta hiyo ni kasolenoidi ka kukata mafuta, kana waya, kazi yake ni kuzuia petroli ya sailensi ukizima swichi. Kakifa gari inawaka vizuri ukikanyaga mafuta lakini ukiachia inazima papo hapo. Zima injini, washa swichi tu usipige stata, chomoa waya wake na urudishe, usikie tik. Usiposikia tik angalia kama umeme unafika, kama unafika solenoidi imekufa. Nimeona watu wanaambiwa wabadilishe kabureta nzima kwa hiki kitu.

Na choki, kile kibati kinachopunguza hewa injini ikiwa ya baridi. Choki ikiganda imefunga gari inakunywa, moshi mweusi, inamisi ikishapata moto. Ikiganda wazi asubuhi ni vita. Toa eya klina uangalie kile kibati cha juu, asubuhi ya baridi kiwe kimefunga karibu chote, injini ikipata moto kiwe kimesimama wima. Usiangalie ndani ya kabureta huku mtu anapiga stata, ikirudisha moto unaungua uso.

Halafu kuna mwinuko ambao mafundi wa Pwani hawaukumbuki. Gari imetuniwa Dar, inahamia Mbeya ambako ni kama mita 1700 juu ya bahari, au Njombe, au Nairobi. Kule hewa ni nyepesi, kabureta inamwaga mafuta yale yale, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinaingia masizi na gari inakuwa nzito. Hiyo sio ugonjwa, inahitaji kurekebishwa skrubu ya sailensi na wakati mwingine jeti. Vile vile kinyume chake, gari ya Nyanda za Juu ikishuka Pwani.

Taimingi

Ukiwa na taa ya taimingi itumie, ukiwa huna azima. Namba sahihi iko kwenye stika chini ya boneti au kitabu cha gari hiyo hiyo maana zilitofautiana kwa soko na mwaka, usichukue namba ya mtu mwingine. Mpira wa vakyumu wa distribyuta uchomolewe na kuzibwa kwanza kama stika inavyosema. Kama alama inarukaruka kwenye mwanga badala ya kutulia, distribyuta imelegea ndani au cheni imenyooka.

Huo mpira wa vakyumu una jaribio lake. Kava la distribyuta likiwa wazi na injini imezimwa, vuta hewa kwa mdomo kupitia ule mpira, kile kisahani cha ndani kisogee, halafu ziba kwa ulimi, kisirudi. Kikirudi au kisiposogea kabisa daiframu imetoboka. Gari yenye daiframu iliyotoboka inakuwa nzito, inakula mafuta, na ile daiframu yenyewe ni tundu la hewa, kwa hiyo matatizo mawili kwa mpigo.

Cheni ya 22R nayo isikilize asubuhi. Ikipiga kelele ya kukwaruza mbele ya injini sekunde za kwanza halafu ikanyamaza oili ikipanda, gaidi za plastiki zimekatika au ziko njiani, ni ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Ukiendelea kuiendesha hivyo cheni inakula kava la mbele kutokea ndani mpaka inatoboa njia ya maji, halafu unakuta oili ya rangi ya chai ya maziwa unadhani ni gasketi ya hedi, unafungua hedi bure.

Tapeti

Mtu anakuja anajisifu injini yangu haina kelele hata kidogo, tapeti kimya. Kwa 22R hiyo sio sifa. Tapeti za 22R, yaani ule uwazi mdogo kati ya roka na valvu, zinarekebishwa kwa mkono, na valvu zikizidi kukaa ndani ya viti vyake uwazi unapungua, kelele inapungua, mpaka valvu haifungi vizuri tena. Valvu ya ekzozi isipofunga haipoi, inaungua ukingo, kompresheni inakimbia. Kwa hiyo tapeti inayogonga kidogo ina nafuu kuliko iliyonyamaza.

Kipimo ni milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za ekzozi, injini ikiwa ya moto. Fungua kava la tapeti, zungusha krenki mpaka alama ya puli ikae kwenye sifuri huku roka (vile vyuma vinavyosukuma valvu) za silinda namba moja zote mbili zikicheza. Hapo pima za kuingiza namba 1 na 2, na za ekzozi namba 1 na 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, pima za kuingiza 3 na 4, ekzozi 2 na 4. Fila iingie kwa kukwama kidogo, sio kwa kusukuma wala kuelea. Ukishafunga nati pima tena, nati ikikazwa inahama. Hii kazi mtu asiye fundi anaiweza kabisa, na mimi ningeifanya kabla ya kugusa kabureta, kwa sababu kabureta haiwezi kutuniwa kwenye injini ambayo valvu hazifungi.

Kompresheni

Hapa ndo unajua kama una tatizo la elfu au la laki. Geji ya kupima kompresheni mafundi wengi wanayo. Injini ya moto, plagi zote nne nje, waya wa umeme wa kwenye koili umechomolewa, betri imejaa, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho kabisa na apige stata mpaka sindano isipande tena. Andika namba za silinda zote.

Kitabu cha 22R kinataka psi 171, kiwango cha chini psi 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Lakini kumbuka nilichosema kuhusu mwinuko. Hizo namba ni za usawa wa bahari. Ukipima Mbeya au Nairobi injini nzima kabisa inaweza kusoma karibu na 140, fundi akakuambia imekwisha ifanyiwe ovaholi, kumbe ni hewa ya mlimani. Kwa huko juu angalia tofauti zaidi kuliko namba yenyewe. 138, 140, 136, 139, injini hiyo nzima. 140, 138, 85, 139, hiyo sasa ina kesi.

Kwenye silinda iliyo chini mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha stata kidogo oili isambae, pima tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu, na kama hukurekebisha tapeti bado rudi ukarekebishe upime upya, unaweza kukuta imejirudia. Zikiwa mbili jirani zote chini, mfano namba 2 na 3, na oili haisaidii, karibu kila mara ni gasketi ya hedi imekatika katikati yao. Ukishuku gasketi, injini ikiwa ya BARIDI fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka juu, washa, tazama. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma wakati termostati bado haijafunguka ni gesi ya silinda. Kufungua rejeta ya moto usijaribu hata kwa kitambaa.

Ukifika gereji na hizo namba nne zimeandikwa kwenye karatasi mazungumzo yanabadilika. Humwambii tena fundi "gari inamisi", unamwambia namba 3 ina 85 na oili haikuipandisha, tapeti nimeshaweka. Atakayeendelea kukuambia kabureta, hama gereji.

Kama yako ni ya dizeli

Wengi mna injini za dizeli za 2L, 3L au 5L, hapo hakuna plagi za moto wala kabureta ila akili ni ile ile, tafuta silinda. Injini ikiwa sailensi, legeza kidogo sana nati ya bomba la nozeli, moja moja, robo mzunguko tu mpaka dizeli ivuje, halafu kaza. Isiyobadilisha sauti ndo iliyolala. Vaa miwani, funika kwa kitambaa kinene na mkono uwe mbali, dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi na ikiingia mwilini ni hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kama cha sindano. Ukiipata, hamisha nozeli kwa jirani kama ulivyohamisha plagi, ukibadilisha na zile washa za chini. Tatizo likihama ni nozeli, likibaki pima kompresheni kwa geji ya dizeli, ile ya petroli itapasuka.

Ikitetemeka asubuhi tu na moshi mweupe halafu baada ya dakika chache inatulia, pima plagi za joto kabla ya kitu kingine. Ikimisi ovyo na kukata, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta: weka kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga kwenye laini ya kurudi au ya kuingia pampu, utaona mapovu yanapita. Filta ina kipampu cha mkono juu, na chini kuna sehemu ya kutolea maji, ifungue mara kwa mara. Hizi injini zina mkanda wa taimingi, sio cheni, unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari hujui ulibadilishwa lini hesabu kwamba haujabadilishwa. Na ile skrubu ya pampu yenye lakiri ya kiwandani, fundi akisema anaizungusha kidogo kuongeza nguvu, mwambie aiache. Pampu ikihitaji kuguswa iende kwa watu wenye mashine ya kupimia, pamoja na nozeli zote nne, sio moja.